Maswali Nyuma ya Daftari la Vipimo: Kisa cha Fundi wa Umoja na Kukoma kwa Hedhi

Doa lenyewe lilikuwa dogo kuliko sarafu ya shilingi. Lilidondokea satini ya rangi ya maziwa, gauni la msimamizi wa arusi, mwezi wa Julai, wakati Nairobi nzima imejifunika masweta na mwenye jiko la mahindi choma hana haja ya kuita wateja. Jasho likianguka kwenye satini halifichiki. Ukilowesha pale penye doa peke yake, pakikauka panabaki duara. Ilibidi gauni zima liloweshwe, lipigwe pasi usiku, na asubuhi likabidhiwe bila maneno mengi. Fundi aliniambia kwamba usiku ule, pasi ikiwa inapoa, ndipo alipogeuza daftari lake la vipimo akaanza kuandika maswali kwenye kurasa za nyuma.

Mtaani tunamwita Fundi, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Ana miaka 49, mume, watoto watatu, na kibanda chenye cherehani mbili hapa Umoja. Mimi ni muuguzi. Tuko chama kimoja, yeye ndiye mweka hazina. Amenipa ruhusa nieleze kisa chake, na yale ambayo yangemtambulisha nimeyaacha. Nakieleza kwa sababu kwa mwaka mmoja na nusu mama huyu aliambiwa mambo mengi kuhusu mwili wake, mengine ya kweli tupu, na hakuna hata moja lililomsaidia kuamua afanye nini.

Hali aliyokuwa nayo

Kwa miaka 11 Fundi alikuwa akichoma sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Kuanzia mwaka wa pili siku zake zilikatika kabisa, jambo la kawaida kwa sindano hiyo. Wanawake wengi hutambua kwamba wanakaribia kukoma hedhi kwa kuona inayumba: inakuja mara mbili kwa mwezi, inaruka miezi miwili, inakuja nzito, inapotea. Kwake dalili hiyo ilikuwa imefichwa zamani.

Presha aligunduliwa nayo akiwa na miaka 46, na anameza amlodipini kila asubuhi. Dada yake mkubwa alipatikana na saratani ya titi akiwa na miaka 52. Alitibiwa, yu hai. Mama yao aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu siku ile hakutembea tena bila mkongojo. Sindano, presha, titi la dada, nyonga ya mama. Yeyote aliyetaka kumpa Fundi maelezo ya kumfaa ilimpasa kuanzia hapo, na kwa mwaka mmoja na nusu sijaona aliyeanzia hapo.

Mambo yalianza Februari ya mwaka jana. Joto linapanda kutoka kifuani hadi usoni kwa dakika mbili tatu, linageuka jasho, jasho linageuka baridi. Saa nane za usiku macho makavu. Moyo unaenda mbio akiwa ameketi tu. Anachukua kipimo cha bega, na kabla hajashika kalamu kimemtoka. Hasira kwa watoto kwa jambo la kijiko. Na lingine ambalo hakulitaja mpaka tulipokutana mara ya tatu: tendo la ndoa lilikuwa limegeuka maumivu, kukavu kama karatasi, akawa anajifanya amelala. Mumewe naye alishaanza kuuliza kama kuna mtu.

Alikopita

Duka la dawa lilikuwa la kwanza. Alisema anatoka jasho usiku, akaulizwa kama amesafiri. Alikuwa ametoka matangani Siaya, basi akapewa dawa za malaria bila kupimwa, na mwezi uliofuata akapewa tena. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na maambukizi ya malaria hapa ni nadra, ila mtu aliyetoka ukanda wa Ziwa anafaa kuulizwa. Kumuuliza kulikuwa sawa. Kumuuzia dawa mara mbili bila tone la damu hakukuwa sawa.

Kisha zahanati. Tabibu alimuuliza yale tunayouliza kila mtu kuhusu kifua kikuu: kikohozi, homa, kupungua uzito, jasho la usiku. Makohozi yakapimwa, hakukuwa na kitu. Hapo sina lawama, mimi pia ningempima. Ninalolilalamikia ni neno lililofuata: "Uko sawa, mama." Alikuwa hana kifua kikuu, lakini sawa hakuwa, na neno hilo lilimfungia mlango kwa miezi minne. Ukisha kuambiwa na mwenye koti jeupe kwamba uko sawa, ukirudi na malalamiko yale yale unajiona msumbufu.

Mteja wake mmoja akamtajia menopozi, yaani kukoma kwa hedhi. Kusikia hivyo akaenda maabara ya kulipia kupima homoni, kipimo kinachoitwa FSH, kwa pesa za wiki nzima ya kushona. Majibu yakaja yakiwa ndani ya kiwango. Aliyempa karatasi akamwambia bado hajafika.

Naomba nikae kidogo kwenye karatasi hiyo, kwa sababu nimekutana nayo mikononi mwa wanawake wengi. Miaka ya kuelekea kukoma hedhi homoni hiyo hupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Ukipima Jumatatu ni hivi, ukipima mwezi ujao ni vingine. Mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili kama za Fundi hutambuliwa kwa maelezo yake mwenyewe, na kwa kawaida hahitaji kipimo hicho. Zaidi ya hapo, aliyechomwa sindano ya kupanga uzazi huweza kupata namba iliyoshushwa na sindano yenyewe. Fundi hakuulizwa anatumia njia gani ya uzazi. Alilipia jibu ambalo halikuwa na uwezo wa kumjibu.

Jirani akamshauri aache sindano aone kama hedhi itarudi: ikirudi bado, isiporudi amefika. Linasikika kama shauri la akili, naye akaacha. Asilolijua jirani ni kwamba baada ya sindano hiyo mwili unaweza kukaa miezi mingi, hata karibu mwaka, kabla ya kurudi ulivyokuwa. Kwa hiyo kimya cha hedhi hakikuwa na maana yoyote bado, ilhali kinga ya mimba ilikuwa inakwisha. Fundi alinunua kipimo cha mimba mara mbili, akijificha watoto wake. Mwenye miaka 49 anasimama chooni akisubiri mistari miwili itokee au isitokee. Alinieleza hilo akicheka, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua kipande cha kitambaa.

Poda ya mitishamba iliyouzwa ndani ya chama chetu wenyewe aliinunua mara moja, ikamharibu tumbo, akaitupa.

Madaktari wawili

Hapa ndipo kisa kilipokaza. Daktari wa kwanza, kwenye kliniki moja ya katikati ya jiji, alikubali kwamba hizi ni dalili za kuelekea kukoma hedhi. Fundi alipouliza kuhusu tiba ya homoni aliambiwa, "Hizo zinaleta saratani. Na dada yako ameugua? Sahau kabisa." Wa pili, wiki tatu baadaye na mahali pengine, alimwambia hofu hizo ni za zamani, homoni ni salama, akamwandikia vidonge vya estrojeni, homoni ya kike ambayo mwili huipunguza hedhi inapokoma. Vya estrojeni peke yake. Hakumuuliza kama mfuko wake wa uzazi bado uko.

Fundi hakuvinunua. Aliniletea ile karatasi Jumapili ya chama, imekunjwa ndani ya daftari, akaniuliza, "Sista, nimwamini nani?"

Wote wawili walikuwa wanakumbuka jambo moja, kila mmoja kwa upande wake. Mwaka 2002 huko Marekani ilisimamishwa sehemu ya utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative. Sehemu hiyo ilikuwa na wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79, wote wenye mfuko wa uzazi, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Baadhi walimeza kidonge cha estrojeni iliyochanganywa na projestini, homoni ya pili, wengine kidonge kisicho na dawa. Ilipohesabiwa, saratani ya titi ilikuwa imepanda kwa asilimia 26, na habari hiyo ikazunguka dunia. Wanawake wakatupa dawa, madaktari wakaacha kuziandika, na walimu wakafundisha hofu hiyo hiyo kwa wanafunzi wao.

Asilimia 26 ya nini? Nilimwomba Fundi awaze matatu za abiria 33. Wanawake 10,000 wangejaza matatu 303. Katika msafara huo wote, kwa mwaka mmoja, wanawake 30 wangepata saratani ya titi bila kumeza chochote. Wakimeza kile kidonge wangekuwa 38. Wanane zaidi katika matatu 303. Kiharusi pia kiliongezeka kwa wanane, na damu kuganda mapafuni kwa wanane. Waliovunjika nyonga walipungua kwa watano, na wenye saratani ya utumbo mpana wakapungua kwa sita.

Fundi alinyamaza, akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaandika 30 na 38 kwenye meza ya kukatia. Akauliza swali ambalo sikulisikia kwa daktari yeyote: "Hao wa miaka 63, mimi nina 49. Wananihusu?"

Wanamhusu nusu. Mizani ya faida na madhara huwa afadhali kwa anayeanza kabla ya miaka 60, au kabla ya kumaliza miaka 10 tangu hedhi ikome. Tena estrojeni inayopita kwenye ngozi, kwa kibandiko au jeli, haipitii ini kwanza kama kidonge, na haijaonyesha kuongeza damu kuganda kama kidonge kinavyoongeza. Na katika utafiti huo huo, waliokwisha kutolewa mfuko wa uzazi wakapewa estrojeni peke yake hawakuonyesha ongezeko la saratani ya titi.

Basi kwa nini wote wasipewe estrojeni peke yake? Kwa sababu kwa mwenye mfuko wa uzazi, estrojeni bila mwenziwe hunenepesha utando wa ndani na huweza kuleta saratani ya mfuko wenyewe. Projestini ndiyo inayoulinda. Daktari wa pili alikosea jambo ambalo swali moja la sekunde tano lingelizuia. Wa kwanza alisema jambo lenye ukweli ndani yake kisha akalifunga kwa neno "sahau", kana kwamba kuamua ni kazi yake yeye. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa njia zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa, kwa lugha anayoielewa. Lugha ya Fundi ni Kiswahili. Madaktari wote wawili walizungumza naye kwa Kiingereza, naye akawa anaitikia kwa kichwa.

Nyuma ya daftari

Nilipomwomba anionyeshe maswali yenyewe aliona haya kidogo, akafungua. Mwandiko wake ni wa kalamu ya bluu, na katikati ya maswali kuna hesabu ya vifungo na zipu. Nayanakili kama yalivyo. "Hii ni nini na sindano imeficha nini?" "Itaisha lini?" "Nikikaa hivi bila dawa nitadhurika?" "Naweza kushika mimba?" "Dawa ziko ngapi, si moja?" "Dada yangu titi. Mimi je?" Kisha neno "Presha" peke yake, na chini yake "Nyonga ya mama". "Nikianza nikashindwa naweza kuacha?" "Baba watoto nimwambie nini?" Mwisho, limepigiwa mstari mara mbili: "Pesa."

Ukiyasoma kwa utulivu unaona yana mpangilio, ingawa hakuyapanga. Anaanza kwa kutaka kujua ni nini kinampata. Halafu anauliza muda. Halafu anauliza kitu ambacho sisi wahudumu hatukizoei: itakuwaje nisipofanya lolote? Dawa inakuja ya tano. Madaktari wote wawili waliingilia hapo hapo kwenye la tano, mmoja akasema usile, mwingine akasema kula. Yale manne yaliyotangulia yalibaki bila jibu, na mtu hawezi kupima dawa ya kitu ambacho hajajua ni nini, kitakaa muda gani, na kikiachwa kitafanya nini.

Tulikaa Jumapili mbili kwenye kibanda chake, yeye akipiga oveloki, mimi kwenye kiti cha wateja. La kwanza: sindano haileti kukoma kwa hedhi wala haicheleweshi, inaficha tu alama moja, joto na jasho havikufichwa. Kwa umri wake na dalili zile, tuliichukua kwamba safari imeanza. La pili: hakuna awezaye kumpa tarehe. Utafiti uliowafuata wanawake wa Marekani kwa miaka mingi ulikuta kwamba kwa wale waliosumbuliwa na joto mara kwa mara, nusu yao lilidumu zaidi ya miaka 7, na kwa Wamarekani weusi zaidi ya 10. Aliposikia hivyo aliacha kukanyaga cherehani. Aliniambia kama angeambiwa hivyo mapema asingeahirisha mwaka mzima akidhani inapita.

Kuhusu kukaa bila dawa, nilimweleza kwamba hilo nalo ni chaguo halali, na lina pande zake. Joto lenyewe haliui na kwa wengi hupungua na miaka. Ukavu wa ukeni hauna tabia hiyo. Ukiachwa aghalabu hubaki au huzidi. Mifupa hupoteza uzito kwa kasi miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma, na hapo ndipo nyonga ya mama yake inapoingia. Alikuwa anadhani yote ni mzigo mmoja, ukibeba unabeba wote. Kumbe kila jambo lina mwendo wake na dawa yake.

Mimba: ndiyo, inawezekana. Kwa kawaida anayefikia mwisho kabla ya miaka 50 hujikinga miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, na aliyevuka 50 mwaka mmoja. Na tiba ya homoni si kinga ya mimba.

Dawa si moja. Kuna homoni za mwili mzima, kuna estrojeni kidogo ya kupaka ukeni ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno, na kuna dawa zisizo za homoni. Baadhi ya dawa za sonona zikitolewa kwa dozi ndogo hupunguza joto, gabapentini pia. Mojawapo ya hizo za sonona, venlafaksini, huweza kupandisha presha, kwa hiyo kwake ingehitaji macho. Kuhusu presha kwa jumla: ikiwa imetulia haimzuii kutumia homoni, na ngozi ni njia bora kwake kuliko kidonge. Kuhusu dada: ndugu mmoja wa damu aliyeugua akiwa na miaka 52 humweka Fundi juu ya wenzake wa umri wake wasio na ndugu aliyeugua, hata asipogusa dawa. Hilo halifungi mlango. Linataka matiti yapimwe kwanza na daktari bingwa aseme neno. Na ndiyo, ukianza unaweza kuacha. Joto linaweza kurudi, lakini hukufungwa pingu.

Penye swali lisilo la muuguzi niliandika kando "daktari". Niliongeza pia mambo ambayo hakuyaandika. Damu ikitoka baada ya miezi 12 ya kimya, hata tone, ni ya kwenda hospitali siku hizo hizo. Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wenye saratani hapa Kenya, hakuwa amekifanya hata mara moja. Na moyo kwenda mbio usitupwe kwenye kapu la menopozi kabla ya kupimwa damu na tezi ya thairoidi. Mwanzoni hakuna aliyelitaja jina hilo. Nilichelea sasa kila kitu kisije kikaitwa jina hilo.

Mara 44

Kuna hesabu iliyoninyima usingizi. Sindano kila miezi mitatu, miaka 11, ni kama mara 44. Mara 44 Fundi aliingia chumba cha kupanga uzazi, akapimwa uzito, akapimwa presha, akachomwa, akaandikiwa tarehe ya kurudi. Kati ya hizo, zaidi ya 15 zilikuwa baada ya kutimiza miaka 45. Hakuna siku aliyoambiwa, "Mama, miaka hii mambo fulani yanaweza kuanza, na sindano hii itaficha hedhi, kwa hiyo angalia joto na usingizi." Sentensi moja. Nami nimechoma sindano hizo kwa wanawake wa umri huo miaka mingi, na sentensi hiyo sikuwa naisema. Hakuna aliyenikataza. Mwongozo wangu uliniuliza presha, uzito, kama ana mimba. Nikauliza hayo.

Mwanamke akishika mimba hapa Kenya anapewa Daftari la Mama na Mtoto. Analibeba kila kliniki, limeandikwa dalili za hatari, tarehe, chanjo, hata chakula. Fundi ana matatu kwenye sanduku, moja kwa kila mtoto. Kwa miaka hii mingine alipewa karatasi ya maabara na cheti cha dawa isiyomfaa, ndipo akajitengenezea daftari kwa kurasa za nyuma za lile la vipimo. Tangu 2023 tuna wahamasishaji wa afya ya jamii kama 100,000 nchini, wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari. Yule wa mtaa wetu humpima Fundi presha hapo hapo kibandani. Nimemwandikia maswali matatu ya kuongeza kwa akina mama waliovuka 45: unalala? unapata joto la ghafla? kuna jambo la ndoa linalouma? Anaanza nayo mwezi huu.

Alichoamua

La mumewe alilimaliza mwenyewe. Hakutafuta maneno, alimpa daftari asome. Alisoma amesimama, akarudia, kisha akauliza, "Kwa hiyo si mimi?" Fundi anasema alikuwa amejiandaa kugombana na hakuwa amejiandaa kwa swali hilo.

Rufaa ya hospitali ya umma ilichukua wiki tano. Alienda na daftari, akaliweka mezani kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, akaomba wazungumze Kiswahili. Daktari yule alisoma kurasa zote mbili kabla ya kumgusa. Matiti yakapimwa, yakapigwa picha, hayakuwa na kitu. Mlango wa kizazi, salama. Thairoidi, salama, damu ilikuwa pungufu kidogo, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Presha ilisoma 134 kwa 84.

Aliamua hivi. Estrojeni ya kupaka ukeni, kwa ajili ya ukavu. Koili ya shaba badala ya sindano, kwa kuwa haina homoni, na mwili wake sasa utaanza kusema wenyewe kama hedhi ipo au imekoma. Homoni za mwili mzima, hapana kwa sasa. Joto atalivumilia, na shuka la pamba amelinunua, na dirisha la chumbani linabaki wazi hata Julai.

Mimi nisingechagua hivyo. Kwa nyonga ya mama yake, na kwa jinsi anavyokosa usingizi, ningejaribu jeli pamoja na projestini, na nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akang'oa pini mdomoni.

"Sista, nyonga ni ya baadaye, nitaitafutia njia. Lakini titi la dada yangu nimelifunga bandeji kwa mikono hii."

Sikuwa na la kuongeza, na sikutafuta. Aliyasema hayo akijua ni matatu ngapi na wanawake wangapi, akijua anaacha nini. Mwezi Mei angesema "sitaki" vile vile, na ingekuwa ni woga wa neno "sahau".

Daktari alimpa tarehe ya Novemba waangalie tena: joto likizidi, au akibadili nia, mazungumzo yanafunguliwa. Tarehe hiyo ameiandika kwenye daftari, chini ya vipimo vya gauni la kijani la mteja wa Buruburu, kifua 42, kiuno 38, nyonga 46.